Shuka Lililokung'utwa Kila Asubuhi

Mimi sijui kunyamaza. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Nikikasirika, mtaa mzima hapa Malaba hujua, na nikishasema yangu roho hutulia, nawasha jiko, maisha yanaendelea. Lakini jambo hili la vumbi lilinikosesha pa kupeleka mdomo, ndiyo maana nimekaa kuliandika.

Binti yangu ana pumu. Mwanzoni tulidhani ni mafua. Tukampa tangawizi, tukampaka mafuta kifuani, tukamwombea kanisani. Halafu siku moja mwalimu wake akanipigia simu wakati wa mapumziko, nije haraka. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya darasa, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinalia kama filimbi. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Tulienda hospitali ya Kocholia kwa boda boda, nimembana katikati yangu na dereva, namwambia pumua mama, pumua, kana kwamba ni yeye aliyekuwa amekataa.

Hospitalini walimvisha kinyago cha dawa ya mvuke. Alipotulia, daktari aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Hakuuliza mtoto anakula nini. Aliuliza analala wapi, analalia nini, na chini ya kitanda kuna nini.

Chini ya kitanda kulikuwa na mitumba yangu.

Mtu asiyekaa mpakani anaweza kuniona mjinga. Hapa kwetu nyumba ni stoo kwanza, halafu ndiyo nyumba. Kila mtu analala na mzigo wake. Jirani yangu, yule mama anayewauzia chai madereva wa malori kwenye foleni, alikuwa na kreti za soda nyuma ya kochi na dagaa wa omena chini ya meza. Mgeni akija, unamsogezea gunia la karanga akalie, na wala hashangai. Mzigo unavuka leo, mnunuzi anakuja kesho kutwa, katikati hapo lazima ulale mahali, na mahali penyewe ni kwako. Mimi nilikuwa nauza mapazia na mashuka ya mitumba, siku za soko naenda Busia, siku nyingine nauza hapa hapa. Chumba cha mtoto ndicho kilichokuwa kikavu kuliko vyote, kwa hiyo marobota yangu yalikaa huko.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alisema, "Mama, vumbi lote hatuwezi kulimaliza, na wewe uko karibu na barabara. Lakini chumba anacholala huyu mtoto kiwe kitupu kabisa. Angalia chini, angalia kando, angalia juu. Kila kitu kinachoshika vumbi kitoke."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Mume wangu ni ejenti wa forodha, hawa watu wa klaringi unaowaona mpakani wakikimbia na makaratasi wakiongea na simu mbili. Ni mtu wa mpangilio. Alinisikiliza akiwa amesimama, akavua saa, akakunja mikono ya shati, akasema, "Kuanzia leo hakuna mzigo wa mtu yeyote ndani ya nyumba hii. Hata wangu. Mtoto kwanza."

Nilimpenda sana siku hiyo. Ni vizuri niliseme hilo pia.

Basi tukaanza. Kapeti ndiyo ilitangulia, ile nyekundu tuliyoinunua mwaka tuliohamia. Tulipoiinua, chini yake sakafu ilikuwa na tabaka la mchanga mwembamba, na mimi nilikuwa nafagia juu yake kila siku nikijiona msafi. Mapazia mazito yakafuata. Kisha vitambaa vya makochi, ambavyo tulivifuma kwa mkono na akina mama wenzangu wa chama, miezi mizima, kila kimoja na ua lake katikati. Mwanamke wa huku akitoa vitambaa kwenye makochi ni kama ametangaza msiba. Kuku wangu, ambao walikuwa wakilala jikoni kwa sababu ya wezi, nao wakatafutiwa kibanda nje. Mume wangu alikuwa ananyoosha kidole tu. Hiyo itoke. Na hiyo. Nilimtania kwamba anakagua lori, akacheka.

Halafu tukafika kwa mto wa mama yangu.

Mama yangu alifariki kabla binti yangu hajazaliwa. Alikuwa na msufi nyuma ya nyumba, na msimu ukifika alikuwa anaketi kwenye mkeka akiichambua ile sufi, mbegu huku, pamba kule, pua na nywele zote nyeupe. Nilipoolewa aliniletea mto mmoja. Ulikuwa mgumu, umeshikana madonge, lakini ulikuwa na harufu ya nyumbani kwetu na binti yangu alikuwa anaulalia. Nilisema tuuweke kwenye mfuko wa nailoni, tuufungie mahali. Mume wangu akaniangalia kwa upole, akasema, "Mama, tukianza kubagua, hatutamaliza. Ama tunasafisha ama hatusafishi."

Nikauchoma. Niliuchoma mwenyewe nyuma ya choo, na sufi iliyoshikana madonge haiwaki vizuri, inafuka moshi tu. Nililia, nikajiambia ni moshi.

Marobota yangu ndiyo yaliniumiza mfukoni. Niliyapeleka kwa mwanamke mwenzangu wa sokoni Busia anihifadhie kwenye kibanda chake, mvua ikayapata, mashuka yakaota ukungu, wateja wakaenda kwa wengine. Ikafika mahali nikaacha ile biashara. Nikaanza kuuza mboga kwenye meza mbele ya geti, na siku za soko kuzifuata Busia. Sikulalamika. Mimi, ambaye hulalamika chai ikiwa vuguvugu, sikulalamika. Nilikuwa najua ninafanya kwa ajili ya nani.

Nyumba ilibaki kama ofisi ya chifu. Makochi ya mbao, sakafu tupu, madirisha yenye pazia moja jepesi ambalo nililifua kila wiki. Wageni walikuwa wanaingia wanaangalia huku na huku. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama tumepigwa mnada. Nikamwambia tumepigwa na vumbi.

Nami nikajifunza kazi upya. Ufagio mkavu niliutupa, kwa sababu ufagio hauondoi vumbi, unalihamisha. Nilikuwa napangusa kwa kitambaa chenye maji, juu ya milango, kwenye fremu za madirisha, nyaya za taa, miguu ya kitanda. Nilikuwa napiga deki kila asubuhi mtoto akishaenda shule. Mashuka niliyaloweka kwenye maji ya moto, nikaanika kwenye jua kali. Godoro nikalivalisha nailoni nzito, mtoto akawa anageuka na kitanda kinapiga kelele kama karatasi ya mkate. Dawa ya mbu ya kuwasha ile ya moshi ikapigwa marufuku, jiko la makaa likahamia nje. Malori yakipiga foleni upande wetu, nilikuwa nafunga madirisha mpaka yasogee. Mikono yangu ilipasuka kwa sabuni.

Na kwa muda mfupi mambo yakawa mazuri. Mtoto akarudi kuruka kamba. Pampu yake ya kuvuta dawa, ile aliyopewa hospitalini, ikawa inakaa kwenye mkoba bila kuguswa. Nilikuwa nampigia simu kila mtu ninayemjua.

Halafu kikohozi kikarudi. Kilikuwa cha ajabu, kwa sababu kilikuwa cha asubuhi. Akiwa shuleni yuko sawa, akicheza nje kwenye vumbi lenyewe la barabara yuko sawa, lakini akiamka kutoka kile chumba kitupu, kisafi kuliko vyote, kifua kimebana. Nilikuwa nasimama katikati ya chumba nageuka pande zote. Kitanda kimoja, kiti kimoja, msumari wa sare. Hakuna kitu. Niliona kama naanza kurukwa na akili.

Mume wangu alikuwa na jibu. Alisema, "Labda kwenye kona hufiki vizuri. Wewe una haraka, mama." Maneno hayo niliyameza. Nikapiga magoti na mswaki wa zamani nikasugua kona.

Tena kulikuwa na fukusi. Nilianza kuwakuta juu ya kitanda cha mtoto, hawa weusi wadogo wanaokaa kwenye mahindi, wawili watatu wanatembea juu ya mto. Nikamwonyesha mume wangu. Akamchukua mmoja kwenye kidole, akamtazama vizuri sana, akasema, "Hawa wanatoka jikoni. Ni yale mahindi yako ya pipa. Wanafuata mwanga wa taa." Basi nikabeba pipa langu la mahindi nikalipeleka kwa jirani wa chai, nikawa naenda kupima kwake kila nikitaka kusaga, kama mtu wa kuomba.

Kitu kimoja tu kilinifurahisha siku hizo. Binti yangu alianza kutandika kitanda chake mwenyewe, bila kuambiwa. Naingia kumwamsha, nakuta ameshaamka, ameshatoka nje kwa mlango wa nyuma anakung'uta shuka. Analikung'uta kwa nguvu, amegeuza uso pembeni, halafu anarudi kulitandika limenyooka. Nikimwambia, "Wacha mama, nitafanya," anasema, "Nimeshamaliza." Nilijisifu kwa watu. Nilimwambia jirani kwamba kumbe ugonjwa nao una faida, mtoto amejua usafi akiwa mdogo hivi. Jirani akasema wake hata soksi hajui ziko wapi.

Tuliporudi kwa daktari, mume wangu hakuweza kuja, alikuwa na lori limekwama. Daktari alisikiliza kifua, akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza yote, mpaka mto wa mama yangu. Kisha akasema, "Umefanya kazi kubwa. Sasa umebakisha wapi?"

"Hakuna nilipobakisha."

"Na juu? Nyumba yenu ina dari?"

Ina dari. Nyumba yetu ina dari ya mbao nyembamba, mume wangu aliiweka mwenyewe na fundi, na alijivunia sana kwa sababu majirani wengi wana mabati matupu. Mbao zenyewe zimeachana kidogo, unaweza kuingiza ukucha kwenye nyufa. Kijilango cha kupandia kiko kwenye korido, na kilikuwa na kufuli. Kufuli hiyo aliiweka baada ya sisi kusafisha, akisema paka wa mtaa wanaingilia huko wanazalia. Ufunguo ulikuwa kwenye mkufu wake wa funguo, pamoja na za ofisi.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kwamba daktari amesema tuangalie dari. Aliendelea kula. Akasema huko juu kuna nyaya za stima ambazo fundi hakuzifunika, nitarushwa, atatafuta mtu wa kuja. Nikamuuliza lini. Akasema wiki hii ana kazi nyingi. Mtoto alikuwa amekaa nasi mezani. Aliacha kutafuna. Hilo niliona, lakini nilidhani ni sima imemshinda.

Nilingoja. Wiki ikaisha, mtu wa stima hakuja, na asubuhi moja mtoto alitumia pampu mara mbili kabla ya kufunga viatu. Mume wangu alikuwa ameondoka mapema kwenda Amukura, amesema kuna mteja. Nilimpeleka mtoto shule, nikarudi, nikazima stima kwenye swichi kubwa, nikaenda kwa jirani kuazima nyundo na kumwomba anishikie ngazi. Aliacha birika zake kwa binti yake akaja. Kufuli ilikataa mwanzoni. Niliipiga nikiwa na hasira ya nyaya, hasira ya fukusi, hasira ya kuambiwa sifiki kwenye kona, ikafunguka.

Vumbi lilitangulia kushuka. Lilinimwagikia usoni, jirani akakohoa huko chini akaniuliza niko sawa. Nikaingiza kichwa na tochi ya simu.

Magunia. Magunia matupu ya mahindi, yamefungwa mafungu kwa kamba ya mkonge, yamepangwa kwa mpangilio kabisa, mstari kwa mstari, kuanzia mwisho wa korido mpaka juu ya chumba cha mtoto. Hasa juu ya chumba cha mtoto, kwa sababu huko ndiko bati halivuji. Kila fungu lilikuwa limepauka kwa unga wa mahindi, makapi yamejaa kwenye mishono, na fukusi wanatembea juu yake bila wasiwasi. Nilimulika kwenye nyufa za mbao nikaona, chini kabisa, blanketi la bluu la binti yangu.

Magunia haya tunayajua sisi sote. Mahindi yakivuka kutoka Uganda yanamiminwa hapa mpakani, yanatoka gunia moja yanaingia jingine, na yale matupu yanabaki. Mtu mwenye akili anayakusanya, anayashona yaliyochanika, anayaficha mahali pakavu mpaka wakulima wa Amukura na Marachi wavune, halafu anawauzia. Ni biashara nzuri. Hakuna mtu angemlaumu kwa kuifanya. Inataka tu mahali pakavu.

Sikupiga kelele. Jirani alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa. Nilishuka, nikakaa kwenye ngazi ya chini, nikawa naangalia mikono yangu iliyopasuka. Nilikuwa nafikiria mto wa mama yangu. Nilikuwa nafikiria marobota yangu yameota ukungu Busia. Yeye aliniambia tukianza kubagua hatutamaliza, akanisimamia nikichoma, halafu akangoja tumalize, akapandisha mzigo wake mwenyewe darini. Na mimi nilikuwa napangusa vumbi la magunia yake kila asubuhi, nikishukuru Mungu kwa mume wa kunisaidia.

Tulijifunga leso puani, tukayashusha yote. Tukayatupa uani, mlima mzima, na majirani wakaanza kusimama kwenye uzio.

Alirudi alasiri kabla mtoto hajatoka shule. Alisimama getini, akayaona, akaniona. Nilikuwa nimejaa unga mpaka kwenye kope. Nilitegemea atatafuta uwongo. Hakutafuta. Alisema, kwa ile sauti yake ya kazini, "Mama, mimi nilisema hakuna mzigo ndani ya nyumba. Haya hayakuwa ndani. Yalikuwa juu ya dari."

Sijui nilieleze vipi hili kwa mtu asiyeishi na ejenti. Kazi ya mume wangu ni kujua mstari uko wapi. Lori likiwa limesimama kwenye yadi, hata likae mpaka magurudumu yakapungua upepo, mzigo wake unahesabiwa kwamba bado haujaingia nchini. Uko hapa, unaushika, unaunusa, lakini haujaingia. Amenieleza hivyo mara nyingi mezani, na nilikuwa napenda akinieleza. Kumbe alikuwa amechora mstari hata katikati ya mbao za dari yetu, na mtoto wetu amelala upande wa chini.

"Dari imeziba," akasema. "Vumbi linapitaje? Na hii ni ada yake ya shule, unadhani naitoa wapi, tangu uache mitumba?"

Tangu niache mitumba. Hapo mdomo ulinirudia. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Nilimwuliza kama yeye alikuwa hamsikii mtoto asubuhi, kama sikio lake lilikuwa Amukura. Nilimwuliza alikuwa anawaza nini alipomtazama hivyo yule fukusi kwenye kidole. Akawa anasema punguza sauti, watu wanaangalia. Nikamwambia waangalie, wao tu ndio wamebaki hawajajua.

Tukiwa hapo, mtoto akaingia getini na mkoba wake. Alisimama. Akayaangalia magunia, na uso wake haukuwa wa mtu anayeshangaa. Nilingoja aulize haya ni nini. Mtoto yeyote angeuliza. Yeye alinipita mimi mama yake kana kwamba sipo, akaenda moja kwa moja kwa babake, akamshika mkono wa shati, akasema, "Baba, si mimi nilisema. Mimi sikusema."

Mume wangu alikuwa ameangalia chini.

Vumbi la magunia likamfikia mtoto, akaanza kukohoa, nikambeba nikavuka naye kwa jirani, nikampa pampu, nikamshika mgongo mpaka pumzi ikarudi. Kisha nikamuuliza polepole, alijua tangu lini. Akasema tangu mwanzo. Siku za soko nikiwa Busia, babake alikuwa anayapandisha, naye ndiye aliyekuwa anamshikia ngazi.

"Na kwa nini hukuniambia, mama?"

Alikuwa anachezea mfuniko wa pampu. "Baba alisema ukijua utakasirika urudi kwenu."

Ndilo lile shuka. Ndiyo kule kukung'uta nje kabla sijaingia, uso ameugeuza pembeni asivute. Alikuwa anaondoa unga na fukusi wa usiku ili nisione, ili nisikasirike, ili nisiende. Na mimi nilikuwa namsifu kwa majirani. Mtoto wangu alikuwa anakaba kifua chake mwenyewe ili nibaki nyumbani.

Sikurudi kwetu. Watu walitegemea nitarudi, hata mume wangu alitegemea, na nadhani kuna siku ingekuwa nafuu kwake. Lakini ningemthibitishia mtoto kwamba alichotishwa nacho ni kweli. Magunia yaliondoka siku hiyo hiyo kwa mkokoteni, sikuuliza yameenda wapi. Nilipanda nikapangusa dari ubao kwa ubao, fundi akaja akaziba nyufa, na kikohozi cha asubuhi kimepungua. Daktari anasema tunaendelea vizuri. Mume wangu aliomba msamaha mbele ya mchungaji, kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Namwekea chakula, namfulia mashati. Akiniambia kitu, hata kwamba nje kunanyesha, natoka kwenda kuangalia.

Hilo ningeweza kuishi nalo, wanawake wengi wanaishi nalo. Linalonila ni lingine. Nilimwambia binti yangu kwamba hakuna haja tena ya kukung'uta shuka, lakini bado analikung'uta. Na kila asubuhi namuuliza kifua kikoje. Ananiangalia machoni, anatabasamu, ananijibu haraka, "Kiko sawa, mama." Anasema vizuri sana. Amefundishwa na mtu anayejua.

Basi namgeuza, nainua sweta yake ya shule, naweka sikio langu mgongoni mwake, nasikiliza mwenyewe.